Unataka Kubonga Spanish Bila Kulipa Ndururu? Anza na Kiswahili Chako, Si Kiingereza

Tuseme umekuwa na ile apu ya ndege wa kijani kwa simu tangu Januari. Streak imefika siku 200. Kila usiku kabla ulale unagonga maneno kwa skrini, unapata pointi, unalala ukijiskia fiti. Halafu siku moja uko tao, mtalii kutoka Mexico anakusimamisha anataka kujua stage iko wapi. Mnaongea kidogo, anaskia umesema "hola", macho yanamwaka, anakuuliza: "¿De dónde eres?"

Hilo ni swali la mwanzo kabisa: wewe ni wa wapi? Na mdomo unakataa. Neno liko kichwani, unaliona kabisa, lakini halitoki. Unamjibu kwa Kiingereza, mnaachana, unabaki ukijiuliza zile siku 200 zilienda wapi.

Tulia, hazikupotea. Shida ni kwamba ulikuwa unasoma kwa kidole, na lugha hutoka kwa mdomo. Hapa tutakupanga: kozi za sauti za bure zenye zinafanya kazi, apu zenye zinasaidia na mahali zinaishia, vile utazitumia bila kumaliza bundles, na kitu kimoja ambacho hizo kozi hazitakuambia. Karibu zote zimetengenezwa kwa mtu anayefikiria kwa Kiingereza. Wewe una Kiswahili, na kwa Spanish, hiyo ni mtaji.

Kwanza, Spanish itakusaidia na nini?

Spanish, ama Kihispania ukitaka kuwa rasmi, ni lugha ya taifa ya nchi 20. Moja iko hapa Afrika: Guinea ya Ikweta. Watu karibu milioni 500 wamezaliwa wakiiongea. Pia ni moja ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, na ukiwa Nairobi unajua Gigiri iko wapi. Ukiongoza watalii, ukifanya kazi ya hoteli, ama ukihudumia wateja wa mtandaoni, lugha ya ziada inakutoa kwa foleni ya wengi. Halafu kuna mpira na kuna reggaeton. Sababu zingine hazihitaji kuelezwa.

Lakini tusidanganyane. Spanish peke yake haikupei kazi. Inaongezea thamani kitu kingine unachojua kufanya. Ukiskia mtu anakuuzia kozi ya pesa ndefu na kukuahidi kazi ughaibuni baada ya wiki 6, shika simu yako na uende.

Sauti: hapa ushaanza mbele

Mzungu akianza Spanish, mwalimu anapoteza masomo mengi akimfundisha kusema "a" bila kuivuta. Wewe hiyo kazi ilishafanywa na mamako. Vokali za Spanish ni tano, a, e, i, o, u, na zinasomwa vile zinasomwa kwa Kiswahili, siku zote. Casa, mesa, amigo, bonito: zisome kama ungezikuta kwa gazeti la Kiswahili na uko karibu sana.

Mkazo pia unaujua. Kiswahili hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho. Spanish inafanya hivyo kwa maneno yanayoishia na vokali, n ama s: ca-MI-sa, a-MI-gos, HA-blan. Yakiishia na konsonanti nyingine, mkazo unaenda mwisho: ho-TEL, co-MER. Neno likivunja sheria, wanakuwekea alama juu kukuonyesha: café, teléfono.

Vitu vichache tu ndivyo vya kushika:

- ñ ni "ny" yetu. España ni espanya, mañana ni manyana.
- ll sehemu nyingi ni "y". Me llamo inasikika me yamo.
- h haisomwi kabisa. Hola ni ola.
- j, na pia g ikiwa mbele ya e ama i, ni h nzito ya kooni, kama ile "kh" ya subalkheri.
- qu ni "k". Queso ni keso.
- v na b ni sauti moja, b.
- z haisomwi kama ya zawadi. Latin Amerika ni "s": zapato ni sapato. Sehemu kubwa ya Uhispania ni "th" ya thelathini. C mbele ya e ama i inafuata njia hiyo hiyo, ndio maana utaskia grasias kwa mmoja na grathias kwa mwingine. Wote wako sawa.
- rr ni r ya kutetemesha, kama unaiga boda ikiwashwa.

Sasa, kama mtaani wanakucheka kwa kushrub r na l, hapa chunga. Pero ni "lakini", perro ni mbwa, pelo ni nywele. Hizo tatu zifanyie zoezi hadi zitoke tofauti. Na usijiskie mnyonge: huko Puerto Rico wengi hugeuza r kuwa l mwisho wa silabi, hadi jina la kisiwa chao wanalitamka kama "Puelto Rico". Hakuna anayewanyima mic.

Mpangilio wa sentensi: zima Kiingereza kichwani

Hapa ndio siri yenyewe iko. Wengi wetu tukisoma lugha ya kigeni, tunatoa sentensi kwa Kiingereza halafu tunatafsiri. Kwa Spanish hiyo ni njia ndefu. Angalia vile Kiswahili kinakufikisha haraka.

Ukiwa na njaa, Mwingereza anasema yeye "ni" njaa. Sisi tunasema "nina njaa". Mhispania naye anasema tengo hambre: nina njaa, neno kwa neno. Nina kiu, tengo sed. Nina usingizi, tengo sueño. Nina haraka, tengo prisa. Nina miaka 22, tengo veintidós años. Mtu anayetafsiri kutoka Kiingereza hukosea hii kila siku. Wewe huna sababu.

Kichwa kinaniuma ni me duele la cabeza. Kichwa ndicho kinafanya kazi ya kuuma, wewe ndiye unaumwa. Vile vile tunapanga.

Halafu kuna me gusta, kile kitu kinachosumbua wanafunzi wa Spanish dunia nzima. Wanaambiwa maana yake ni "napenda", halafu wanashangaa kwa nini kitenzi kinafuata kitu badala ya mtu. Lakini msee wa Nairobi, si wewe husema "hii ngoma inanibamba"? Ngoma ndio inabamba, wewe unabambwa. Me gusta esta canción. Ngoma zikiwa nyingi, "zinanibamba": me gustan. Hujahitaji mwalimu. Ulihitaji tu kukumbushwa Sheng yako.

Endelea. Kwa Kiswahili, mtendaji ameshonwa ndani ya kitenzi: nakula, unakula, tunakula. Spanish pia humshona, tofauti ni kwamba wanamweka mkiani: como, comes, comemos. Ndio maana hawasemi "mimi" na "wewe" kila saa. Nataka kula ni quiero comer, maneno mawili kwa mawili. Na ukisema nakupenda, ile "ku" inakaa kabla ya kitendo. Kwao pia: te quiero.

Sifa inafuata nomino: nyumba nyeupe, casa blanca. Na sifa lazima ikubaliane na nomino, kitu unachokijua kutoka ngeli. Kitabu kizuri, vitabu vizuri. Libro bonito, libros bonitos. Mwingereza analia kwa sababu Spanish ina jinsia mbili za maneno, ya kiume na ya kike. Wewe umelelewa na ki-vi, m-mi, li-ya na zingine zote. Mbili ni nini?

Hata kuna maneno ya ndugu. Waarabu walikaa Uhispania karne nyingi, na walifanya biashara na Pwani yetu karne nyingi, kwa hivyo pande zote mbili zilibeba maneno yao. Sukari na azúcar. Zaituni na aceituna. Zafarani na azafrán. Na ile "hasta" ya hasta mañana imetoka kwa neno la Kiarabu lile lile lililotupa "hata". Wareno nao, majirani wa Uhispania, walituachia meza na bendera. Spanish ni mesa na bandera.

Kiingereza usikitupe, kina kazi yake: maneno makubwa. Nation ni nación, information ni información, normal ni normal, hospital ni hospital. Kwa hivyo gawanya kazi hivi: Kiingereza kikupe maneno, Kiswahili kikupe mpangilio na sauti.

Kozi za sauti zenye hulipii

Language Transfer. Kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua hii. Ni kazi ya Mihalis Eleftheriou, inaendeshwa kwa michango, na haina sehemu ya kulipia. Kozi ya Spanish ina masomo 90, iko kwa tovuti yao, kwa YouTube na kwa apu yao wenyewe. Mwalimu anaongea na mwanafunzi mmoja, anamuuliza, "utasemaje hivi?" na hapo ndio kazi yako iko: pause, sema jibu kwa sauti kabla ya mwanafunzi, halafu endelea. Usiandike, usikariri. Ukiskiza kama unaskiza redio, umepoteza wakati. Na chekesho ni kwamba hao hao wana kozi ya Kiswahili. Ukiiskiza masomo machache utashangaa kuona lugha yako ikifunguliwa kama injini.

Coffee Break Spanish. Podikasti ya Mark Pentleton kutoka Scotland, ilianza 2006. Inaenda polepole, inarudia, na ni nzuri kwa maneno ya kila siku: kujitambulisha, kuagiza chakula, kuuliza njia. Sauti ni ya bure. Noti za kuandikwa na vitu vya ziada ndio wanauza. Utaishi bila.

Kozi ya zamani ya FSI. Foreign Service Institute ni shule ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, mahali mabalozi wao husomea lugha. Kozi zao za zamani za sauti ziko huru kwa mtu yeyote, na utazipata mtandaoni na vitabu vyake. Tuseme ukweli: zinaboesha. Ni kurudia sentensi ile ile ukibadilisha neno moja, mara 10, mara 20. Lakini ukikwama kwa vitenzi, wiki moja ya hizo drili itakunyoosha.

Duolingo Spanish Podcast. Ilianza 2017, na usiichanganye na apu. Ni hadithi za kweli za watu wa Latin Amerika na Uhispania, zinasimuliwa kwa Spanish rahisi, halafu msimulizi anaingilia na Kiingereza ili usipotee. Ukishamaliza masomo ya mwanzo, hii itakuonyesha umefika mbali kiasi gani.

Dreaming Spanish. Hii ni video zaidi ya sauti, kwa hivyo itakula bundles. Ilianzishwa na Pablo Román. Mwalimu anaongea Spanish tupu, polepole, akichora na kuonyesha kwa mikono hadi unaelewa bila tafsiri. Kuna video nyingi za bure zilizopangwa kutoka mtu asiyejua lolote hadi mjuaji, na zingine ni za kulipia. Hapa unajenga sikio.

Radio Ambulante. Ya baadaye, si ya leo. Ni ripoti ndefu kutoka kila kona ya Latin Amerika, zimekuwa hewani tangu 2012, kwa Spanish ya kawaida ya watu wazima. Siku utaskiza kipindi kizima na kucheka mahali pa kucheka, jua umefika.

Apu: zichukue kama chumvi, si kama ugali

Duolingo ilianzishwa na Luis von Ahn, aliyezaliwa Guatemala, pamoja na Severin Hacker, na ikafunguliwa kwa umma 2012. Ni nzuri kwa vitu viwili: kukufanya urudi kila siku, na kukupa maneno. Toleo la bure lina matangazo na linakuwekea kikomo. Tumia dakika 10 kwa siku, si zaidi, na kila sentensi inayotokea isome kwa sauti mara mbili kabla ubonyeze. Hiyo tu itabadilisha kila kitu. Usikimbizane na ligi. Kuwa namba moja kwa ligi hakujawahi kumsaidia mtu kuagiza chakula Bogotá.

Anki ni ya kadi za maneno. Inakuletea neno karibu na wakati ungelisahau. Kwa Android, AnkiDroid ni ya bure. Kwa iPhone apu inalipiwa, lakini unaweza kutumia tovuti yao bila malipo. Tengeneza kadi zako mwenyewe, na upande wa pili uandike Kiswahili ama Sheng, si Kiingereza. "Me gusta" kwa "inanibamba" itakaa kichwani kuliko tafsiri yoyote ya kamusi.

Tandem na HelloTalk zinakuunganisha na watu wanaotaka kujifunza lugha yako huku wakikufundisha yao. Wewe una vitu viwili vya kubadilishana, Kiingereza na Kiswahili. Anza na voice note, ni rahisi kuliko simu ya moja kwa moja kwa sababu unaweza kufuta na kurudia. Na akili iwe kazini: mtu anayekutongoza siku ya pili na kukuomba pesa siku ya tano hajakuja kusoma lugha. Usitume pesa, usitume kitambulisho, usitume picha utakazojutia.

Hesabu ya bundles

Hii ndio sababu sauti inashinda video kwa mtu wa kawaida. Faili ya sauti ya 128 kbps inakula karibu MB 1 kwa dakika. Saa nzima ni MB 60 hivi. Ya 64 kbps inakula nusu ya hiyo. Video, hata ya kiwango cha chini, inaweza kula mara kadhaa ya hapo.

Kwa hivyo ukipata Wi-Fi, iwe ya campo, ya kazi ama ya beste wako, danlodi masomo ya wiki nzima mara moja. Simu ikijaa, futa yale umemaliza. Na kwa mathree, sauti ina faida nyingine: simu inakaa mfukoni. Unajua vile dirisha la mathree na simu mkononi huisha. Weka earphone moja sikio la ndani, ingine iache ili uskie kondakta na mtaa.

Sasa swali la kila mtu: nitaongea peke yangu kwa gari? Ndio, kwa sauti ya chini. Mask ama kofia inasaidia. Ukiona jirani anakuangalia, shika simu kama uko kwa call. Ukishindwa kabisa, skiza somo jipya nyumbani na kwa gari urudie la jana kimoyomoyo huku midomo ikisonga. Lakini kila siku lazima kuwe na dakika kama 15 za sauti kamili, hata kama ni ukiosha vyombo kwa keja.

Ratiba ya miezi 3

Siku 1 hadi 45: masomo 2 ya Language Transfer kila siku. Hapo masomo yote 90 yamekwisha. Ongeza dakika 10 za Duolingo kwa sauti. Ukikosa siku moja usijilaani, ukikosa tatu rudi nyuma masomo mawili. Kila Jumapili, jirekodi voice note ya dakika moja ya Spanish na uitume kwa namba yako mwenyewe kwa WhatsApp. Itakuwa mbaya. Usiifute.

Siku 46 hadi 65: Coffee Break Spanish kwa gari, Dreaming Spanish ya wanaoanza ukiwa na Wi-Fi. Chukua sentensi moja fupi, iskize, halafu iseme pamoja na msemaji ukifuata kasi na mlio wake. Rudia mara 10. Anza pia kujisimulia siku yako: nina njaa, tengo hambre, nangoja gari, estoy esperando el autobús, kuna baridi, hace frío. Neno usilolijua likitokea, liandike na ulitafute jioni. Hayo maneno ndiyo unayahitaji kweli kwa maisha yako.

Siku 66 hadi 90: tafuta mtu. Voice note mbili ama tatu kwa wiki, halafu simu moja ya dakika 10. Skiza Duolingo Spanish Podcast. Siku ya 90, rudi kwa ile voice note ya Jumapili ya kwanza na uiskize. Hiyo ndiyo cheti chako.

Na ngoma je? Weka, lakini usizitegemee mwanzoni. Bad Bunny anaongea Spanish ya Puerto Rico, kasi, akimeza s nyingi. Ukiona huelewi, hata mwanafunzi wa miaka miwili anasumbuka. Vile vile zile telenovela tulizokua nazo: nyingi zilikuja zimewekwa sauti za Kiingereza, kwa hivyo miaka yote hiyo ya kulia na wahusika hukuskia Spanish yenyewe. Itafute ya sauti asili uone tofauti.

Mitego ya kuchekesha

Año ni mwaka. Ano, bila ile alama, ni mkundu. Ukisema umri wako, ile "ny" iskike vizuri.

Mamá ni mama, papá ni baba. Ukitoa mkazo wa mwisho, mama inakuwa titi na papa inakuwa kiazi huko Latin Amerika. Hapa Kiswahili kinakusaliti, kwa sababu mdomo umezoea kukanyaga mwanzo. Baba nayo, kwa Spanish, ni ute wa mdomoni.

Embarazada inafanana na neno la Kiingereza la kuaibika. Maana yake ni mjamzito. Ukikosea kitu mbele ya watu, sema tu "perdón".

Itachukua muda gani?

Ile shule ya mabalozi wa Marekani hupanga wiki 30 za kusoma Spanish, darasani kila siku, karibu masaa 750, ndio mtu aweze kufanya kazi kwa hiyo lugha. Ukisoma saa moja kwa siku, hiyo ni miaka miwili na kitu. Kwa hivyo mtu akikuahidi utaongea kama mzaliwa kwa mwezi mmoja, ni story za jaba. Miezi 3 ya kozi hizi inakupa kitu kidogo lakini cha kweli: kujitambulisha, kuuliza, kuelewa mtu akienda polepole, kuomba arudie, na kutengeneza sentensi ambayo hukuikariri.

Na ujue hii: shule hiyo hiyo hupangia Kiswahili wiki 36. Yaani kwa hesabu ya Mmarekani, lugha unayobonga bila kufikiria ni ngumu kuliko Spanish. Ile ngumu ushamaliza ukiwa mtoto.

Karatasi nayo ni story tofauti. Streak na beji za apu hazihesabiki mahali kwingi. Vyeti vinavyotambulika ni DELE, unaosimamiwa na Instituto Cervantes, na SIELE unaofanywa kwa kompyuta. Hiyo mitihani inalipiwa. Soma bure kwanza, ulipie mtihani siku kazi ama chuo kitakuambia wanaitaka, na uwe tayari kuupita.

Turudi tao, kwa yule mtalii. Amekuuliza umetoka wapi. Huhitaji sentensi ya kupendeza. Huhitaji kukumbuka jedwali la vitenzi. Mdomo wako umeshasema haya maneno kwa gari, jikoni, kwa voice note mbaya ya Jumapili, mara nyingi hadi hayasubiri ruhusa:

"Soy de Nairobi. ¿Y tú?"

Somo la kwanza ni la dakika chache. Lidanlodi leo, na likiuliza swali, bonyeza pause na ujibu kwa sauti.